Kahawa Aliyoiacha Kapteni

Kapteni wa Kiingereza alipoondoka, Moza aliingia barazani kukusanya vikombe, akakuta kile ambacho Kapteni alikiacha kimejaa sasa ni kikavu. Hakikuwa kitupu tu. Kilikuwa kikavu, na ukingoni kina chumvi, kama kilichoanikwa ufukweni. Aliuliza nani amekunywa. Watu wote walikuwa nje wakiangalia meli. Akakisugua kwa majivu, akakipanga na vingine. Alikuwa na wali wa kupika.

Katika mji ule wa Khor Sidra, mgeni akiweka kahawa yake chini bila kuionja, ana haja, wala hanywi mpaka mwenyeji amwahidi. Mumewe Moza, Sheikh Mijrin, aliijua haja ya Kapteni na alikuwa ameichoka. Waingereza walitaka majahazi ya mji yasipigane tena baharini, na Sheikh asifanye mapatano na taifa jingine bila wao. Wakati wakibishana, meli yenye mizinga ilikuwa imetia nanga mbele ya nyumba. Mwisho Kapteni aliweka kikombe chini, na Sheikh akasema kwa sauti ya mtu anayetaka kulala, "Kunywa. Ulichokijia umekipata."

Kapteni alitia saini, akashika mikono ya watu, akaenda zake. Hakunywa.

"Usimchukulie vibaya, Sheikh," Jafari, mkalimani wa Kapteni, alisema mlangoni. "Hakuwa na maana yoyote. Tumbo lake halipatani na kahawa chungu."

Tangu hapo, kila mchana, saa ambayo joto huwalaza watu na mbwa pia, Moza alisikia kikombe kikigonga mdomo wa birika barazani. Ko. Ko. Akaanza kusikia na harufu, ya chaza waliopasuliwa wakaachwa juani. Alifagia, akamwaga maji, harufu ikabaki.

Siku moja aliamka akakuta nafasi ya Shamsa kwenye mkeka iko wazi. Huyu ndiye mtoto pekee aliyemsalia. Alimkuta barazani, birika mkono wa kushoto, kikombe mkono wa kulia, anamimina kama mtu mzima mbele ya mto wa kukalia wageni, usio na mtu. Nywele zake zilikuwa zimelowa.

"Nani kakufundisha kumimina?"

"Mgeni. Anasema nikimwaga nitamwaibisha Baba."

"Mgeni gani, Shamsa?"

"Huyu, Mama. Sema polepole, hapendi kelele." Mtoto alinong'ona, "Anasema Baba ameshanipa kwake. Anangoja bamvua, maji yafike mlangoni, tuondoke."

Moza alimbeba mpaka kwa mumewe, akamwamsha kwa goti.

"Mama Shamsa, nimewapa Waingereza bahari nzima," Sheikh alisema, macho bado yamefumba. "Wewe unaniletea kikombe."

"Uliahidi haja ya nani?"

"Ya Kapteni."

"Ulimtaja jina?"

Akafumbua macho.

"Hukumtaja. Ulisema tu kunywa, umekipata. Kapteni hakunywa. Aliyekunywa ni mwingine. Sasa ifute hiyo ahadi."

"Neno lilikuwa moja, mji mzima ulilisikia. Nikilifuta kwa huyu nimelifuta na kwa Kapteni. Mizinga itarudi, Moza. Watakufa watoto wa watu wengine."

Moza alikuwa anamkausha mtoto nywele, na kila alipokausha zililowa tena.

Walimwita Bibi Ruwaya, mwanamke aliyetibu wenye majini. Alifika akilalamikia magoti yake. Aliwasha udi, kwa sababu kwao chetezo kikipita, wageni huinuka waende makwao. Moshi ulizunguka baraza, ukafika kwenye ule mto, ukavutwa taratibu, kama mtu anayejifukiza ndevu. Kisha ukatulia.

"Amejifukiza," Bibi Ruwaya alisema kwa sauti ndogo. "Na bado amekaa."

"Mtoe."

"Simwezi, mwanangu. Jini mkorofi namfukuza. Huyu ana ahadi ya mwenye nyumba, na adabu zake ni nyingi kuliko za mumeo. Mimi sipigi mgeni."

Siku ya bamvua maji yalipanda tangu asubuhi. Moza alimaliza kuosha vyombo. Alivaa barakoa na baibui la kutokea, akapita mlango wa nyuma, akazunguka nyumba yake mwenyewe huku maji yakimfika vifundoni, akasimama mbele ya baraza.

"Hodi," akasema.

Ikajibu sauti ya Shamsa, ila nzito, kama iliyotoka kisimani: "Karibu."

Aliingia, na sakafu ilikuwa imelowa, na harufu ya chaza ilikuwa kali mpaka machozi yakamtoka, na binti yake alisimama katikati na birika, macho yamegeuka meupe kama chokaa, akamimina bila kumwaga hata tone, akamnyooshea kikombe, na Moza akakaa kwenye mto wa wageni, akakipokea kwa mkono wa kulia, akakiweka chini bila kukionja, akangoja, huku maji yakipita kizingiti na kugusa ncha ya baibui lake, na kitu kisichoonekana kikivuta pumzi karibu sana na sikio lake, kikifikiri.

"Kunywa," ile sauti ikasema mwishowe. "Ulichokijia umekipata."

"Nimemjia huyu anayemimina."

Akanywa upesi. Yalikuwa maji ya bahari. Akamaliza, akatikisa kikombe kama anayesema basi. Shamsa alianguka, mwili mkavu, na Moza alipomnyanyua akasikia nyuma yake, pale pasipo na mtu, "Karibu tena."

Walihamia kibanda cha makuti karibu na kisima.

"Nyumba ya baba yangu," Sheikh alisema.

"Wewe ulitoa bahari. Mimi nimetoa nyumba. Sogea, mtoto alale."

Meli ya Kapteni ilirudi mwisho wa msimu, wavua lulu wa mji walipokuwa wamekwisha kurejea. Sheikh Mijrin alivaa joho lake, akakaa kibandani na kahawa tayari. Walingoja mpaka ikapoa. Ndipo Kapteni na Jafari wakaonekana, wanatoka upande wa nyumba ya zamani.

"Sheikh! Umetutangulia kwa njia gani?" Jafari alicheka. "Kapteni anashukuru. Leo amekunywa yote, na hukubishana neno hata moja."

Kapteni alitabasamu. Masharubu yake yalikuwa na chumvi.

Moza ndiye aliyeuliza, "Aliyewakaribisha, naye alikunywa?"

"Mumeo si huyu? Mwanzo aliweka kikombe chini, akajifanya yeye ndiye mgeni. Kapteni naye akamwambia anywe, alichokijia amekipata, naye akanywa." Jafari alijigonga kifua. "Nimemfundisha mwenyewe adabu zenu."

Moza alimvuta Shamsa nyuma yake.

"Kapteni ana watoto?"

"Ajabu, na Sheikh kaulizia hilo hilo. Ana binti mmoja. Yuko naye melini, anampeleka kwa mama yake, mjini Bushire."

Moza alitazama ufukweni. Maji yalikuwa yanajaa.