Kodi Isiyomhusu Bi Nasriya

Ilikuwa mwaka 2002, mwezi wa Machi, baridi ya Muscat ikielekea ukingoni. Mahujaji walikuwa wamekwisha kurejea, na mtaa wa Hamriya ulijaa watu waendao kuwapongeza. Bi Nasriya, fundi cherehani, aliwatembelea wote. Alikunywa maji ya zamzam katika nyumba tatu. Kisha alirudi dukani kwake, akakaa mbele ya cherehani, akasema, "Mwakani ni mimi."

Hayakuwa maneno matupu. Kwa miaka tisa alikuwa akiweka kando sehemu ya ujira wake, hadi akafikisha riali elfu mbili. Mwenye msafara wa mahujaji alizitaka fedha zote kabla ya Ramadhani kwisha.

Riali mia nane zilikuwa benki, hapo hapo mtaani. Riali elfu moja na mia mbili zilikuwa Uingereza, kwa Mutasim, mtoto wa kaka yake, aliyefanya kazi ya uhandisi huko. Mwaka uliotangulia Mutasim alikuja likizo akamweleza kwamba serikali ya kule humruhusu mtu kuweka akiba ambayo faida yake haitozwi kodi, na kwamba fedha zitakaa kama benki. Bi Nasriya alilisikia neno "kodi" akaingiwa na hofu. Alimpa fedha siku ile ile.

Sasa Mutasim alikuwa likizo tena. Alhamisi moja asubuhi aliingia dukani, akamkuta shangazi yake amepiga magoti, akipinda sketi ya Wambui. Wambui alikuwa Mkenya, mkaguzi wa hesabu, mpangaji wa ghorofa ya juu. Alisimama juu ya kigoda huku pini zikizunguka upindo wa sketi.

"Shangazi, nna jambo la haraka," alisema Mutasim. "Zile mia nane nipe nazo. Mwaka wa kodi kule unakwisha tarehe tano Aprili. Nafasi ambayo mtu hakuitumia mpaka siku hiyo hupotea. Haihamii mwaka mwengine."

"Nafasi gani tena?"

"Kila mtu ana kiwango chake, paundi elfu saba kwa mwaka. Mimi peke yangu sikijazi. Nikitia na zako, naweza kukikaribia."

"Kwa jina langu?"

"Kwa jina langu mimi. Wewe huishi kule. Lakini sisi si wamoja?"

Bi Nasriya hakuona ajabu. Nyumba ya marehemu baba yao iliandikwa kwa jina la kaka mkubwa. Duka lake mwenyewe liliandikwa kwa jina la shemeji yake. Gari walilolichangia ndugu wanne lilikuwa na jina la mmoja. Katika ukoo wao hakuna aliyemdai mwenziwe karatasi. Aliweka pini chini, akanyanyuka kwenda kuchukua kitabu chake cha benki.

"Pole, Mama," alisema Wambui kutoka juu ya kigoda. "Sikutaka kuingilia."

"Umekwisha kuingilia. Malizia."

"Nilifanya kazi ya hesabu Uingereza miaka sita kabla sijakuja huku. Hiyo akaunti naijua. Ukiifungua, unatia sahihi kwamba pesa unazoweka ni zako mwenyewe. Kaka, ulitia sahihi?"

"Ile ni fomu tu," alijibu Mutasim.

"Hiyo fomu ndiyo akaunti yenyewe. Mama angekupa zawadi, zingekuwa zako. Angekukopesha, ungeziweka kama zako halafu umlipe. Lakini alikupa umtunzie. Hizo ni zake, na sheria haikuruhusu kuziweka humo." Wambui alimgeukia Bi Nasriya. "Mama, wewe hapa Oman umewahi kukatwa kodi kwa sababu ya akiba yako?"

Bi Nasriya alifikiri. "Sijapata. Hata baisa moja."

"Basi ulikimbia kodi ambayo hakuna aliyekudai."

Mutasim alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyefurahi. "Dada, wewe kaa ushonewe sketi yako."

"Mwache aseme," alisema Bi Nasriya. "Nnamsikiliza."

"Swali moja tu," aliendelea Wambui, akimgeukia Mutasim. "Uliziweka upande gani? Maana akaunti hiyo ina pande mbili. Upande wa fedha taslimu, pesa hukaa kama zinavyokaa benki, na hauruhusiwi kuzidi elfu tatu kwa mwaka. Upande wa hisa, unanunua sehemu ya kampuni. Kampuni ikistawi, unapata. Ikianguka, unaanguka nayo."

Mutasim alijikuna shingo. "Taslimu ina riba. Nisingeweza kuzitia fedha za Hija katika riba. Nilinunua hisa za kampuni ya simu."

Bi Nasriya alikaa kitini, akakunja mikono.

"Zimefika ngapi?"

"Shangazi, bei hupanda na kushuka."

"Nimekuuliza zimefika ngapi."

"Kama mia tisa."

"Mia tatu zimechukuliwa na kodi?"

"Hapana. Bei imeshuka."

"Na hukunambia."

"Nilitaka zipande kwanza. Ndiyo maana nikataka na hizi mia nane, ninunue zikiwa rahisi."

Wambui alishuka kwenye kigoda kwa uangalifu. "Mama, kutotozwa kodi maana yake ni moja. Ukipata faida, serikali haichukui sehemu yake. Haikuahidi kwamba utapata faida. Pesa unayoihitaji mwaka huu usiitie kwenye hisa, kwa sababu bei ikishuka huna muda wa kungoja. Ya miaka kumi ijayo unaweza kungoja. Na hata hiyo, usiiweke yote katika kampuni moja."

"Na hiyo riba?" aliuliza Bi Nasriya.

"Hilo muulizeni sheikh wenu. Mimi Mkristo, kazi yangu hesabu. Lakini akaunti isiyolipa riba yoyote ipo, hata katika benki yako hapa."

"Ndimo zilimo mia nane zangu," alisema Bi Nasriya. "Na hazijapungua." Alimtazama Mutasim. "Uliniambia zitakaa kama benki. Sasa nakwambia, baba. Mimi siendi katika nyumba ya Mwenyezi Mungu kwa fedha ambazo mtu ametia sahihi kuwa ni zake. Utawaandikia wanaoisimamia akaunti uwaambie kweli. Na mimi nnataka elfu na mia mbili zangu kamili, kabla ya Ramadhani kwisha."

"Na hasara, shangazi? Si tuigawane?"

"Hukuniuliza ulipozinunua hisa. Usiniulize zilipoanguka."

"Watu watasema unamdai mtoto wako."

"Nakudai kwa sababu wewe mtoto wangu. Ungekuwa mgeni, ningekwisha kukukatia tamaa."

Mutasim aliondoka bila ya kuaga. Siku ya pili, baada ya sala ya Ijumaa, alirudi. Hakutaja neno la jana. Alimwomba Wambui amwonyeshe namna ya kuandika barua ile, na Wambui akamwonyesha. Ilikuwa mistari sita. Mutasim aliisoma mara nyingi kabla ya kutia sahihi.

Mwezi wa Mei, Mutasim akiwa amekwisha kurudi Uingereza, jibu lilikuja. Akaunti ya mwaka ule ilifungwa, hisa zikauzwa. Zilirudi fedha za thamani ya riali mia nane na tisini, na Mutasim alizituma zote Muscat. Zilizosalia zilikuwa riali mia tatu na kumi. Alianza kuzikusanya kidogo kidogo katika mshahara wake.

Wakati huo huo alifungua akaunti nyingine, kwa fedha zake mwenyewe. Kwanza alimwendea mwanachuoni, akamuuliza ni kampuni zipi zinazofaa. Kila mwezi aliweka paundi hamsini katika hisa za kampuni nyingi, kwa ajili ya masomo ya mwanawe ambaye bado alikuwa akinyonya. Fedha za kodi ya nyumba na nauli hakuzigusa. Bei ziliposhuka tena mwezi wa Julai, alimpigia simu shangazi yake.

"Zimeshuka, lakini safari hii nimelala usingizi," alisema.

"Vyema," alijibu Bi Nasriya. "Na zangu?"

"Zinakuja."

Mwezi wa Novemba, kumi la mwisho la Ramadhani, Mutasim aliwasili Muscat. Duka lilijaa wateja wa nguo za Idi, nyuzi zimetapakaa sakafuni. Aliwapisha wanawake wawili, akafika kwenye meza ya cherehani, akatoa bahasha.

Bi Nasriya alisimamisha cherehani. Alihesabu mbele ya wateja wote, noti moja baada ya moja. Riali mia tatu na kumi.

"Hizi za nani?" aliuliza.

"Zako, shangazi. Nimezitoa katika mshahara wangu."

"Zimetimia," alisema Bi Nasriya. Alijitanda buibui lake, akawaomba radhi wateja wake, akamwambia Mutasim atangulie mbele. Mwenye msafara alikuwa akifunga ofisi saa sita.