Pilau ya Jando na Nyumba ya Rehani

Asubuhi Maimuna alifagia uwanja, akachota maji, akavaa sare ya shule. Alifanya yote bila kuhisi kitu. Alikuwa hivyo tangu ukuta wa nyumba yao ulipoandikwa kwa rangi nyekundu: INAUZWA.

Mwaka uliopita baba yake, Mzee Ridhiwani, alikopa fedha za sherehe ya kumtoa jandoni mdogo wake Maimuna, Shaaban. Kijiji kizima cha Likawage kilikula pilau, na wengine wakafungasha. Deni lingelipwa kwa ufuta uliokuwa bado shambani. Mvua iliukuta umekatwa, ukaoza.

Siku hiyo mtendaji wa kijiji, Mama Agnes, alimwita baba ofisini pamoja na mkopeshaji, Bwana Dominick. Maimuna aliitwa pia, maana ndiye aliyewapelekea kahawa siku ya makubaliano.

"Shikamoo, mama," alisema Maimuna.

"Marahaba, mwanangu."

"Huyu bwana kanitapeli!" baba alifoka. "Nyumba hakuitaja kabisa kuwa ni rehani."

"Maimuna, ulisikia nini?" aliuliza Mama Agnes.

Maimuna alijua kwamba akisema kweli huenda wakalala nje. Hata hofu hakuisikia.

"Aliitaja, baba. Ulicheka, ukasema ufuta upo, wasiwasi wa nini."

Baba aliinamisha kichwa. Bwana Dominick akatabasamu.

"Lakini hakusema kwamba ukichelewa deni linakuwa mara mbili," Maimuna aliendelea.

Tabasamu likaisha. "Ndio utaratibu wetu," alinong'ona Bwana Dominick.

"Basi ungeusema," alijibu Mama Agnes.

Walikubaliana kuwa nyongeza ifutwe. Baba angeuza pikipiki yake, kisha amalizie alichokopa kwa ufuta wa msimu ujao. Nyumba ikabaki yao.

"Dominick, umekosa kwa kuficha," alisema Mama Agnes. "Nawe Ridhiwani, hakuna aliyekushika mkono uweke rehani nyumba wanamolala watoto. Kosa lake halifuti lako."

Njiani baba alitangulia kwa hatua za haraka.

"Umenikasirikia, baba?"

"Hapana. Nilitaka watu waseme Ridhiwani kafanya sherehe. Wakasema, wakala, wakaenda zao. Kumbe nilikuwa nawalisha nyumba yenu, mwanangu. Nisamehe."

Maimuna aliketi palepale kando ya njia, akalia kwa mara ya kwanza tangu ukuta uandikwe.