Kuku Wanono wa Mwalimu Hezroni

Kengele ya adhuhuri ilipogongwa, wanafunzi wa chuo cha walimu waliweka chini vibao vyao vya kuandikia, wakatoka darasani na kutawanyika. Hapakuwa na vicheko wala kusukumana. Kila mmoja aliingia katika kibanda chake, akawasha moto wake, akateleka chungu chake kidogo na kuchuchumaa mbele yake kungoja maharage yaive. Vibanda vilijipanga mstari mmoja mlimani, juu ya Matema, na kutoka milangoni Ziwa Nyasa lilionekana likimeta kwa jua la mchana. Aliyepita pale wakati huo aliona moshi mwingi na kusikia kimya. Mgeni angedhani kuna msiba.

Enzi hizo za utawala wa Wadachi, chuo kama kile kilikuwa kitu kipya kabisa. Shule ndogo za kusoma na kuhesabu zilikuwapo, lakini kijana aliyetaka kwenda mbele zaidi, awe mwalimu, hakuwa na pa kwenda. Walimu waliletwa kutoka mbali. Sasa vijana wa nchi ya Kyela na wa kando ya ziwa wangesomea ualimu palepale kwao. Mkuu wa chuo, Mdachi aliyeitwa Bwana Lindner, alikuwa amefikiri sana jinsi ya kuwasaidia. Kila mwanafunzi alipewa kibanda chake, mkeka wake, chungu chake, na posho yake ya ndizi, unga na maharage kila Jumamosi.

"Sitaki mwenye nguvu ampunje mnyonge," alisema siku ya kufungua chuo. Nia yake ilikuwa safi, hilo hakuna aliyelibisha.

Asegelile, kiranja wa wanafunzi, alikuwa na sababu ya kuvipenda vile vyungu. Vilifinyangwa na mama yake mzazi, Anyosisye, mfinyanzi wa kabila la Wakisi wa ufukweni. Kila alipoteleka chake aliutazama mstari mwekundu ambao mama huuchora kuzunguka shingo ya chungu, na moyo wake ukatulia kidogo. Tatizo lilikuwa chakula chenyewe. Kilikuwa hakipiti kooni.

Kwao kijana hali peke yake. Wavulana wakishakuwa wakubwa wa kuchunga ng'ombe huhama nyumba za wazazi, hujenga vibanda vyao pamoja, kisha huenda kula kwa mama wa huyu leo, na kwa mama wa yule kesho. Huko kukaa pamoja, kula pamoja na kuzungumza, wenyewe hukuita ukwangala, na humo ndimo kijana anamojifunza adabu na maarifa. Anayejifungia ndani na chakula chake huitwa mchoyo, na wapo wanaomsema mabaya kuliko hayo. Asegelile alijua kwamba pale chuoni hakuna ambaye angemwita hivyo. Hata hivyo mkono wake ulikuwa mzito kufika kinywani.

Jirani yake, Ambilikile wa Ndandalo, alikuwa na hali mbaya zaidi. Hakuna aliyemfikia Ambilikile kwa hesabu. Mwalimu akiandika swali ubaoni, wenzake wakiwa bado wanakuna vichwa, yeye alikwisha kupata jibu na kuanza kutazama nje. Lakini tangu mvua zianze alikuwa amekonda, macho yameingia ndani, na darasani alisinzia.

Siku moja Asegelile alikwenda nyuma ya vibanda kutafuta kuni. Akamkuta Ambilikile ameinama, anamwaga chakula chake chote majanini. Kuku wa Mwalimu Hezroni, mmoja wa walimu wao, walikuwa wamemzunguka, wanakigombania. Na haikuwa hapo tu. Nyuma ya karibu kila kibanda palikuwa na mabaki ya ndizi na maharage, mengine yameungua, mengine mabichi.

"Ambilikile, unafanya nini?"

Ambilikile alishtuka, kisha akaketi juu ya jiwe. "Nimechoka, ndugu yangu. Nikiyangoja maharage yaive, sipati muda wa kusoma. Nikiyala kabla hayajaiva, tumbo linanisokota mpaka asubuhi. Na yakiiva, nayatazama tu. Kula peke yangu kama mwizi, siwezi."

"Kwa nini humwambii Bwana?"

"Wewe umemwambia?"

Asegelile aliinama kuokota kuni. Kila Jumamosi, posho ikigawiwa, Bwana Lindner alimwuliza yeye, kiranja, kwa niaba ya wote: "Mnakula vizuri?" Na kila Jumamosi Asegelile alisimama wima akasema, "Tunakula vizuri, Bwana. Tunashukuru." Angesema nini? Mtu aliyekupa chungu, mkeka na chakula, umrudie na malalamiko? Tena vyungu vya mama yako? Isitoshe, hakuna aliyekuwa mgeni wa habari za kiboko kule bomani. Bwana Lindner hakuwa amempiga mtu, lakini nani alitaka kuwa wa kwanza?

Basi wanafunzi walipoanza kuondoka, waliondoka na visingizio vizuri. Mmoja alisema baba yake anaumwa. Mwingine alisema shamba lao la mpunga limezidiwa na majani. Lameck, aliyekuwa hodari wa kuimba, alisema anakwenda kwenye harusi, na harusi hiyo haikuisha. Vibanda vikabaki vitupu kimoja baada ya kingine.

"Na mimi naondoka kesho," alisema Ambilikile akikung'uta chungu chake. "Nitasema bibi yangu amefariki."

"Bibi yako si alifariki mwaka juzi?"

"Ndiyo. Kwa hiyo nitakuwa sijasema uongo."

Wote wawili walicheka, lakini Asegelile aliumia moyoni. Alimpenda Ambilikile, na alijua kuwa kijana yule akirudi Ndandalo kushika jembe, watoto wa huko watakosa mwalimu ambaye hawatampata tena.

Asubuhi yake wote waliitwa mbele ya darasa. Ambilikile alikuja na mkeka wake ameukunja kwapani. Bwana Lindner alisimama mlangoni, na kando yake alisimama Mwalimu Hezroni, mwalimu pekee wa kwao pale chuoni, mtu mzima mwenye sauti ya pole.

"Nimewapa kila kitu," alisema Bwana Lindner. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Bado mnaondoka. Nimeona kwamba vijana wa huku hawaitaki elimu hii. Mvua zikiisha nitakifunga chuo, na walimu wataletwa kutoka mbali kama zamani."

Vichwa viliinama. Asegelile alimtazama Ambilikile na mkeka wake. Akapiga moyo konde, akasimama.

"Bwana, naomba ruhusa ya kusema."

"Sema."

"Nimekuwa nikikudanganya kila Jumamosi. Hatuli vizuri."

Bwana Lindner alikunja uso. "Posho haitoshi?"

"Inatosha, Bwana. Inabaki. Ukitaka kujua inakokwenda, watazame kuku wa Mwalimu Hezroni."

Kila mtu aligeuka. Kuku wenyewe, kana kwamba wameitwa, walikuwa wakijikokota uani. Walikuwa wanono ajabu. Jogoo alijaribu kuruka juu ya uzio mfupi wa matete, akashindwa, akaamua kuuzunguka kwa miguu. Mwanafunzi mmoja alicheka puani, akajifunika mdomo.

"Nami nilikuwa najisifu kwamba najua kufuga," alisema Mwalimu Hezroni taratibu.

Hapo kicheko kilishindwa kuzuilika. Bwana Lindner hakucheka. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya vibanda, akaonekana akiinama hapa na pale, kisha akarudi na viatu vyake vimejaa matope na maharage.

"Tangu chuo kianze?" aliuliza.

"Karibu tangu mwanzo, Bwana."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona aibu. Nilidhani kukushukuru ni kukuambia kwamba kila kitu ni kizuri." Asegelile akaeleza yote: maharage mabichi na matumbo yanayosokota, mchana mzima unaoishia jikoni, na jinsi chakula kinavyokwama kooni mtu akila peke yake. Alieleza habari ya ukwangala. "Sisi tunaitaka elimu, Bwana. Kinachotushinda ni upweke."

Bwana Lindner alimgeukia Mwalimu Hezroni. "Ni kweli?"

"Ni kweli tupu. Mimi mwenyewe ningepaswa kukuambia. Niliogopa kuonekana nakufundisha kazi yako."

Mdachi yule alipangusa matope viatuni. Mwishowe akamwuliza Asegelile, "Sasa unataka nini?"

"Chungu kikubwa, Bwana. Na ruhusa ya kula pamoja."

Ambilikile aliuweka mkeka wake chini. "Nitabaki nikione hicho chungu," alinong'ona.

Siku hiyohiyo Asegelile aliteremka hadi ufukweni. Alimkuta mama yake amepiga magoti mbele ya chungu kibichi, mikono imejaa udongo hadi viwikoni. Alipomweleza, uso wa mama ulimshuka.

"Vyungu vyangu vina kosa gani, mwanangu? Vimevuja?"

"Havina kosa, Mama. Ila kila kimoja kinamtosha mtu mmoja, na mtu akiwa peke yake hali."

Anyosisye alimtazama mwanawe vizuri, akaziona mbavu zake. Alifuta mikono kwa majani, akasimama. "Walipokuja kuagiza vile vidogo nilishangaa. Nikasema labda ni dawa mnapikia huko. Kumbe ni chakula?" Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi mengine hayakuwa ya kicheko.

Akafinyanga chungu kikubwa kuliko vyote alivyowahi kufinyanga. Akakianika kivulini bila haraka, akakichoma kwa nyasi kavu na matete, akakizungushia mstari wake mwekundu shingoni. Wanafunzi wote walishuka kukipokea. Walikitia katika machela ya mianzi, wakapanda nacho mlimani wakipokezana na kuimba, huku Anyosisye akifuata nyuma na kuwagombeza kila walipojikwaa. Kilifika bila ufa.

Tangu siku hiyo mambo yalibadilika. Kila siku wanafunzi wawili walipika kwa zamu, na waliobaki waliketi pamoja na vibao vyao. Maharage yaliyokuwa adui sasa yalikuwa rafiki, kwa sababu muda wote yalipokuwa yakitokota, Ambilikile aliwaeleza wenzake hesabu zilizowashinda. Aliyejua kusoma vizuri alimsaidia aliyekwama. Bwana Lindner alikubali pia wavunje ule mstari wa vibanda na kujenga nyumba ndefu ya kulala pamoja. Na kila Jumamosi hakuuliza tena, "Mnakula vizuri?" Alijichotea, akaketi kwenye mkeka, akala nao. Mwanzoni alikuwa anaungua vidole, na wanafunzi walijifanya hawaoni.

Vyungu vidogo navyo havikutupwa. Kila kimoja kiliwekwa kichwani mwa mkeka wa mwanafunzi, kikiwa na maji yaliyochemshwa, na maradhi ya tumbo yakapungua.

Habari zilienea. Lameck alirudi kutoka kwenye ile harusi yake ndefu. Yule ambaye baba yake aliumwa alirudi, akasema mzee amepona ghafla. Hakuna aliyewachunguza sana.

Mvua zilipokwisha, chuo hakikufungwa. Badala yake walikuja wakaguzi, wakawapa wanafunzi mtihani wa kusoma, kuandika, kuhesabu na kufundisha. Wazazi walijaa uani, wengine wakitoka Ndandalo kwa miguu. Majina yaliposomwa, lilitangulia la Ambilikile. Kisha likaja la Asegelile, kisha la Lameck, na jina baada ya jina, mpaka ikawa wazi kwamba hakuna aliyeachwa. Kina mama walipiga vigelegele. Baba yake Ambilikile, mtu asiyependa maneno, alimkumbatia mwanawe na kurudia, "Ndaga fijo, ndaga fijo," akiishukuru mbingu, chuo na kila aliyepita mbele yake. Asegelile aliona fahari iliyomjaa kifua kizima. Mama yake alikuwa amesimama kando ya chungu kikubwa, mkono juu ya ukingo wa chungu hicho, kama mtu anayemshika mtoto wake begani.

Karamu ilipotulia, Mwalimu Hezroni aliwaita walimu wapya.

"Kesho mtakwenda kufundisha," alisema. "Mtawasaidia watoto wa watu, na mara nyingine mtakosea kwa nia njema, kama tulivyokosea hapa. Waulizeni watoto wanachohitaji, kisha mketi nao mkione kwa macho yenu. Na mtu akikusaidia, usimfiche ukweli eti kwa sababu ya heshima. Asegelile alipotuambia ukweli, ndipo alipotuheshimu. Chuo hiki kiliwajengea vibanda, lakini kilikuwa hakijawa chuo chenu. Siku ile aliposimama, ndipo kilipoanza kuwa chenu."

Asegelile aliinama kwa haya.

"Jambo moja tu limenisikitisha," aliendelea Mwalimu Hezroni akiangalia uani.

"Lipi, Mwalimu?"

"Nilitaka kuwachinjia jogoo leo. Lakini tangu mlipoanza kula pamoja, amekonda hata kumshika ni vigumu."

Na jogoo, kama aliyesikia, aliruka juu ya uzio wa matete kwa urahisi kabisa, akaenda zake.