Abiria wa Kiti cha Nyuma

Gari la Theophil lingekuwa bovu moja kwa moja, angelisukumia uani akalisahau. Lakini leo liliwaka, kesho halikusikia ufunguo. Asubuhi moja, mbele ya duka lake la vyombo pale Kariakoo, alizungusha ufunguo, ikasikika "ta" moja tu, kisha kimya. Akashuka, akafunua boneti, akatazama asichokijua, akarudi kuketi. Hapo akanusa udi, udi uliolowa maji, na mlango wa nyuma ukafunguka, ukafungwa taratibu, kama unavyofungwa na mtu mstaarabu. Alipozungusha tena, gari likawaka. Akajiambia ni upepo.

Theophil alikuwa mtu wa Kibosho, mtu wa misa ya kwanza, na habari za majini aliwaachia watu wa pwani. Akalipeleka gari kwa Awadhi, fundi wa Ilala. Miaka ile vipuri vilikuwa adimu kuliko sukari, lakini Awadhi alihangaika nalo: akasugua vichwa vya betri, akabadili plagi, akaifungua stata na kuisafisha, akafuatisha waya mmoja mmoja kutoka kwenye swichi. Kwake liliwaka. Theophil akilihitaji, likagoma. Ulipita mwezi hivyo, na Severa, mkewe, mimba yake ilikuwa imetimiza miezi minane. Mbili za kabla yake zilikuwa zimeharibika. Kwa ajili ya hii ndiyo gari lilinunuliwa.

Mwishowe Awadhi alishauri waketi ndani wote wawili, wangoje mpaka ligome. Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi. Theophil akazungusha ufunguo: ta. Wakangoja. Ile harufu ikaja, kwanza kwa mbali, kisha ikawajaa puani, na nyuma yao kitasa kikalia, springi za kiti zikalalamika na kudidimia polepole kama zinavyodidimia mtu mzima anapoketi na kukusanya nguo zake, na ingawa vioo vyote vilikuwa wazi na joto linachoma, shingo zao zikapigwa na ubaridi wa kisimani.

"Usigeuke," Awadhi alinong'ona. "Zungusha ufunguo."

Likawaka mara moja.

"Bwana Theo," akasema fundi, "gari hili si bovu. Linamsubiri mtu."

Wakaenda kwa Bi Sitara, mjane aliyemuuzia Theophil gari. Hakubisha. Alieleza kwamba marehemu mumewe, Zahoro, alikuwa akiendesha teksi, na siku moja alimpakia mwanamke wa baibui pale Mnazi Mmoja, akamfikisha Magogoni. Alipogeuka kupokea nauli, kiti kilikuwa kitupu, kimelowa chapachapa. Kuanzia siku ile mwanamke hakukosa safari. Hakutaka damu wala kafara, alisema mjane. Alitaka watu wa kukaa nao tu.

Theophil alimwuliza kwa nini hakumwambia mapema.

Bi Sitara akatazama chini. "Usingelinunua, naye angebaki na mimi."

Mzee Bakili, mganga wa Ilala, alilifukiza gari siku tatu, akaliosha kwa kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya aya, toka paa hadi matairi, akasema jini limetoka. Na kweli, wiki mbili gari likawaka bila kusumbua. Theophil akaanza kulala usingizi.

Uchungu ukamshika Severa Jumapili, saa tisa alasiri, kabla ya siku zake. Saa hizo za Jumapili magari binafsi yalikuwa yamekatazwa barabarani kwa ajili ya uhaba wa mafuta. Teksi haikuonekana hata moja. Theophil akamlaza mkewe kiti cha nyuma, akazungusha ufunguo. Ta. Majirani wakasukuma hadi mwisho wa mtaa, wakageuza, wakasukuma tena. Akasugua vichwa vya betri, akagonga stata kwa spana, akasali Salamu Maria. Damu ilikuwa imefika kwenye zulia la gari.

Akafungua mlango wa nyuma wa upande wa pili. Akasema kwa sauti ya chini, majirani wasisikie:

"Ingia, mama. Tafadhali, ingia."

Kiti kikadidimia. Gari likawaka.

Akaendesha katika mitaa mitupu, na pale Mnazi Mmoja askari akamsimamisha, akainama kuchungulia nyuma, akarudi hatua mbili na kumpungia mkono apite bila neno, na Severa, aliyekuwa akipiga mayowe tangu nyumbani, akanyamaza ghafla, na katika kimya kile Theophil, ambaye hakuthubutu kuinua macho kwenye kioo, akamsikia mkewe akisema polepole, kama anayemjibu mtu, "Ndiyo. Ndiyo, nakubali."

Alizaliwa msichana, mzima, mwenye sauti. Theophil aliporuhusiwa kuingia wodini, Severa alimpa mkono.

"Alinishika njia nzima, Theo. Alisema huyu hatakufa kama wenzake, mradi tukae naye. Nikamwahidi."

Theophil akaketi kando ya kitanda. Yeye ndiye aliyemkaribisha.

Jumanne waliruhusiwa kurudi nyumbani. Aliwafungulia mlango wa nyuma, Severa akaingia na mtoto, akasogea hadi dirishani. Theophil akabaki ameushika mlango, wazi, akitazama lami, mpaka aliposikia springi.