Odeta wa Mwezini

Siku Nkwabi alipomwona Odeta kwa mara ya kwanza, Odeta hakumwona yeye. Alikuwa anasoma.

Ilikuwa Januari, shule zinafunguliwa, mwaka ule wa mvua za Elnino. Duka la vitabu la Ramesh mtaa wa Rufiji lilifurika wazazi wanaogombea madaftari kama yanagawiwa bure. Katikati ya vurugu zote hizo, nyuma ya kaunta, msichana wa gauni la njano na nywele zilizosukwa twende kilioni alikuwa ameinamia kitabu, anacheka peke yake mpaka machozi yanamtoka.

"Dada, nataka hicho unachosoma," Nkwabi alisema.

"Hakiuzwi."

"Si kina bei hapo mgongoni?"

"Kitauzwa nikimaliza. Ndiyo nakala ya mwisho." Hata macho hakuinua.

"Umebakiza kurasa ngapi?"

"Kumi na nne."

"Basi nasubiri."

Na akasubiri kweli, mwanaume wa watu. Aliegemea kaunta, akasukumwa, akakanyagwa na kina mama wenye haraka zao. Ramesh akapiga kelele kutoka stoo, "Odeta! Mteja!" na Odeta akajibu bila aibu, "Anasubiri, bosi!" Alipomaliza alifuta macho kwa kiganja, akamtazama huyo kijana mrefu wa shati la drafti, akamkabidhi kitabu.

"Ukifika pale mchumba anapogoma kupanda roketi, usipocheka, njoo nikurudishie pesa yako."

Kesho yake Nkwabi alikuwa pale pale. "Sikucheka. Nirudishie."

"Mwongo mkubwa! Macho yamekuvimba."

Ndivyo walivyoanza.

Kitabu chenyewe kiliitwa *Malisho ya Mwezini*, na mwaka ule Mwanza ilikuwa imerukwa na akili kwa ajili yake. Kilimhusu Masalu, mfugaji wa Misungwi aliyekosa malisho, akaunda roketi kwa mapipa ya lami na kupeleka ng'ombe wake mwezini. Huko mfalme wa mwezini akamtoza ushuru wa kila kwato. Mwishoni mfalme anashuka duniani na roketi ya dhahabu kumchukua mchumba wa Masalu, na huyo mchumba, ambaye kitabu kizima hakupewa jina, anakaa chini vumbini, anakunja mikono, anasema: "Sipandi, mpaka nijue maji yanatoka wapi." Mwezini maji hakuna. Mfalme anababaika, anaondoka mikono mitupu. Basi ikawa kila anayekataa jambo mjini, awe anakataa bei ya dagaa au anakataa kuolewa, anajibu kwa maneno hayo hayo.

Nkwabi alikuwa mtafsiri katika banda la video la Obedi, Mabatini. Alikaa kando ya televisheni na maiki mkononi, akageuza Kiingereza na Kihindi kuwa Kiswahili, na pale filamu ilipopoa akaitia chumvi yake. Watu wa kwenye filamu aliwapa majina ya watu wa mtaani. Kutajwa na Nkwabi ilikuwa heshima. Kuna fundi baiskeli aliyepewa ujambazi mkuu kwenye filamu moja, akatembea kifua mbele mwezi mzima.

Mchana alimpigia Odeta dukani kutoka kibanda cha simu cha posta.

"Halo, hapo ni mwezini?"

"Hapana, hapa ni kwa Ramesh. Mwezini maji yamekatika."

"Mwambie mrembo wa huko nina kiu."

"Mrembo anauliza barua ya posa inakuja lini, au inasubiri roketi?"

Hapo Nkwabi alikuwa anacheka na kubadilisha mazungumzo. Barua haikuwa na mtu wa kuipeleka. Baba yake, huko Misungwi, alikuwa ameshasema hana mtoto anayepiga domo kwenye mabanda. Naye Odeta alilelewa na baba yake mdogo, Mzee Luhaga, mzee wa kanisa, ambaye banda la video kwake lilikuwa ndugu wa kilabu cha pombe. Tena kulikuwa na mfanyabiashara wa mbao wa Sengerema, mgane, aliyeshaleta posa mara mbili. Odeta alikuwa anamzungusha tu, akimsubiri Nkwabi.

Ndipo ikaja habari ya filamu. Wazungu walikuwa wamekichukua kile kitabu, wakakifanya filamu huko Nairobi. Kwa Kiingereza!

"Masalu wa Misungwi anaongea Kiingereza?" Odeta alifoka dukani. "Na ng'ombe nao?"

"Filamu ni filamu," Ramesh alisema. "Itakuwa na rangi. Kitabu hakina rangi."

"Bosi, wewe unauza vitabu!"

"Ndiyo maana nimechoka navyo."

Kanda ilishuka na basi Jumamosi saa tisa alasiri. Saa kumi na moja banda lilikuwa limejaa pomoni, na Obedi hakutaka kusikia habari ya Nkwabi kuitazama kwanza. Nkwabi mwenyewe hakuhangaika. Kitabu alikuwa amekihifadhi chote kichwani. Na alikuwa na jambo lake moyoni: yule mchumba asiye na jina, leo angempa jina. Angemwita Odeta. Mabatini nzima ingemsikia Odeta akimkatalia mfalme, na kila mtu angejua Nkwabi kapenda mwanamke wa namna gani. Baada ya hapo angetafuta mshenga, liwalo na liwe.

Odeta alikuja na binamu yake Queen, binti wa Mzee Luhaga. Alivaa kitenge cha bluu, akakaa benchi la mbele, kile kitabu cha Nkwabi mapajani, tayari kukagua.

Ugomvi ulianza mapema. Roketi ilipotokea inang'aa kama friji mpya, mwalimu mmoja alisimama. "Mapipa ya lami yako wapi? Huu ni wizi!" Vijana wakamzomea akae, roketi hiyo ndiyo roketi. Walipotajwa ng'ombe wakaonekana watatu tu, wasomaji wakaguna. Alipotokea mchumba, mzungu mwembamba mwenye nywele ndefu, Nkwabi akavuta maiki. "Na huyu, ndugu zangu, anaitwa Odeta!" Banda likapiga makofi. Odeta akaficha uso kwa kitabu, lakini alikuwa anatabasamu. Nkwabi aliliona tabasamu hilo, na baadaye ndilo lililomtesa kuliko yote.

Mfalme akashuka na roketi yake. "Tulieni sasa!" Nkwabi alisema kwa raha. "Msikilizeni Odeta atakavyomjibu!"

Yule mzungu akacheka, akapanda ngazi mbio, akamrukia mfalme shingoni, akambusu. Gauni likamteleza begani. Mlango wa roketi ukafungwa.

Banda lililipuka. "Odeta kapanda! Odeta kapanda!" Mbinja, miguu inapiga mabenchi, na mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Odeta, hata mimi nina roketi!" Nkwabi alikuwa bado ameshika maiki, mdomo wazi. Odeta alisimama. Alikiweka kitabu mezani kwa Nkwabi polepole, akapita katikati ya wale wanaume wanaocheka, akatoka.

Jumapili Mzee Luhaga aliipata habari hiyo mlangoni mwa kanisa. Jumatatu watoto wa mtaani walimsindikiza Odeta hadi kazini. "Odeta, umepanda? Mwezini kukoje?" Jumanne Obedi akaweka ubao nje ya banda, maandishi mekundu: LEO TENA, ODETA WA MWEZINI.

Nkwabi alipiga simu mpaka kadi ya simu ikakaribia kuisha.

"Halo, duka la Ramesh."

"Odeta, mpenzi, usikate."

"Nani mwenzangu?"

"Mimi."

"Mimi nani? Kwenye filamu yako kila mtu ana jina, wewe huna?"

"Nilitaka kukusifia, mama. Haki ya Mungu. Nilijua atagoma! Kwenye kitabu si anagoma?"

"Uliniuliza kama nataka kusifiwa?"

Nkwabi aliibana simu sikioni.

"Aliyepanda ni mzungu, Nkwabi, lakini jina ni langu. Baba mdogo hali chakula ninachopika. Ananiambia nimelichafua jina la marehemu baba yangu." Akakata simu.

Jumatano Nkwabi akajaribu kulirekebisha kosa lake. Aliukanyagakanyaga ule ubao, akaingia bandani, akamwita yule mchumba jina la Kizungu, na kwenye busu akazima televisheni, akausema mwisho wa kitabu neno kwa neno. Nusu ya watu walimshangilia, yule mwalimu akiwa wa kwanza. Nusu nyingine walimtupia maganda ya karanga. "Turudishie Odeta wetu! Washa!" Wakaanza kuliimba lile jina kwa pamoja, na barabara nzima ikasikia. Nkwabi alikaa na maiki yake akaelewa kwamba amelifanya baya kuwa baya zaidi. Akamwachia Obedi maiki yake, akaondoka.

Alhamisi Odeta hakwenda kazini. Ijumaa vilevile. Nkwabi hakula, hakulala, alizunguka mjini kama mtu aliyepoteza kitu barabarani. Jumamosi asubuhi Queen alimgongea mlango.

"Shemeji, umelala? Odeta kakubali."

"Kakubali nini?"

"Mtu wa mbao. Baba anampeleka leo Sengerema akaonekane, ng'ombe wa mahari wakabidhiwe. Amesema bora akaolewe ambako filamu yako hawajaisikia. Wameshaondoka kwenda Kigongo, kwenye feri."

Odeta akivuka tu yale maji, basi tena. Ng'ombe wakishaingia zizini, hakuna wa kuwatoa.

Nkwabi alikimbia hadi kwa Ramesh, maana hakuwa na mzee mwingine duniani. "Shikamoo, bosi. Naomba uwe mshenga wangu. Sasa hivi."

Ramesh alimtazama juu ya miwani. "Marahaba. Mimi? Mhindi?"

"Nakuomba."

"Nimeoza watoto watatu," Ramesh alisema, akachukua karatasi nzuri kuliko zote dukani. "Kaa chini. Jina la baba yako nani?"

Barua ilipokwisha, wakapanda pikapu. Barabara ilikuwa mashimo matupu ya Elnino, na njia nzima Ramesh akawa anaitetea filamu. Eti taa zilikuwa nzuri. Eti hata mwisho ulikuwa mzuri, msichana kapata mfalme, shida iko wapi? Nkwabi alishika bahasha kwa mikono miwili, akitamani kulia.

Feri ilikuwa imeshatia nanga. Watu walikuwa wanaingia na baiskeli, mbuzi na magunia. Odeta alisimama kando ya baba yake mdogo, gauni jeupe, sanduku jekundu mkononi. Alikuwa amekonda wiki moja tu hiyo. Alipomwona Nkwabi alitazama maji.

"Shikamoo, mzee," Nkwabi alisema, akapiga magoti kwenye tope.

Mzee Luhaga hakuitikia.

Ramesh alinyoosha bahasha kwa adabu zote, akaanza kueleza alichotumwa. Mzee Luhaga hakunyoosha mkono. "Bwana Ramesh, nakuheshimu. Lakini neno langu limeshavuka. Watu wananisubiri ng'ambo."

"Mzee, nimekosa," Nkwabi alisema. "Nimelitaja jina la binti yenu mbele ya watu mia mbili kabla sijapiga hodi kwenu. Sina utetezi. Nipige, lakini usimpeleke kwa kosa langu."

Masikini, sauti yake ndiyo iliyomponza. Kijana mmoja mwenye baiskeli aligeuka. "We! Huyu si Nkwabi wa video?" Akamtazama msichana wa gauni jeupe. "Basi huyo ndiye Odeta!"

Ikawa kama bandani. "Odeta wa mwezini! Panda, Odeta! Mfalme anangoja! Panda! Panda!" Mpaka mama muuza ndizi naye akaimba. Odeta aliinamisha uso. Kumbe hata huku walishasikia.

"Unaona?" Mzee Luhaga alimshika mkono. "Unaona alichokufanyia? Panda twende."

Nkwabi alivuta pumzi. Sauti yake ingeweza kuwanyamazisha wote wale. Ndiyo kazi aliyoijua. Alifungua mdomo, akamwona Odeta anamtazama, akaufunga.

"Hujasema kitu," Odeta alimwambia.

"Nilishakusemea mara moja. Sikusemei tena."

Odeta akauchomoa mkono wake taratibu kutoka kwa baba yake mdogo, akaliweka sanduku chini, akalikalia pale pale topeni na gauni lake jeupe. Akakunja mikono.

"Sipandi," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Mpaka nijue maji yanatoka wapi."

Mzee Luhaga, ambaye hakuwa amekisoma kile kitabu, aligeuka akalitazama ziwa lote lile, kisha akamtazama mtoto wake.

"Maji? Maji si haya hapa, Odeta?"

Lo! Kicheko kilichotoka hapo hakikuwa kile cha kwanza. Mama muuza ndizi alikaa chini. Kijana wa baiskeli alipiga makofi, akapaza sauti, "Kagoma! Odeta kagoma!" na wengine wakaidaka. Odeta mwenyewe hakucheka. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Nimekukosea heshima, baba. Nisamehe," alisema. "Lakini nilikubali kwa hasira. Sitaki kuolewa kwa hasira."

Honi ya feri ililia. Mzee Luhaga alisimama na koti lake, mtu mzima aliyepungukiwa. "Lazima nivuke nikawaambie watu wale. Nitawaambia nini mimi?" Akapanda peke yake, akasimama nyuma ya lori, hakugeuka.

Feri iliondoka. Ramesh alivua miwani, akaifuta. "Sasa nimeelewa," alisema. "Kitabu ni kizuri zaidi." Akamrudishia Nkwabi bahasha, akaenda kukaa kwenye pikapu lake.

Nkwabi alisogea karibu na sanduku, asijue kama anaruhusiwa. "Odeta."

"Jina langu nakupa wewe, Nkwabi. Si watu mia mbili."

"Nimesikia."

"Na sijakusamehe lote."

"Najua, mpenzi."

Alijifuta uso kwa kiganja, kama siku ile dukani. "Akinifungia mlango baba mdogo, nitalia mpaka nife. Ndiye aliyenilea. Hiyo barua unayo?"

"Ninayo."

"Mpe wewe mwenyewe. Na umwamkie mpaka aitikie."

"Anarudi saa ngapi?"

"Feri inarudi baada ya saa mbili. Labda na yeye. Labda alale huko."

Nkwabi aliipangusa tope bahasha kwa shati lake, akasimama kando yake akitazama ng'ambo.

"Basi nasubiri," alisema.