Kisemeshi Kinachojua Kifipa

Mwalimu alisema mara moja tu, kwa Kiswahili: "Zimeni umeme kabla hamjagusa waya." Papo hapo watu wazima thelathini wakasikia, kila mmoja kwa lugha ya kwao. Kazi hiyo ilifanywa na kisemeshi, chombo cha ukubwa wa sahani kilichowekwa katikati ya darasa la mtaa, Dodoma, mwaka 2094. Kila mwanafunzi alivaa punje ya kusikilizia sikioni. Kisemeshi kilimfasiria, kikamjibu maswali, hata kumtania kilimtania.

Shemdoe, fundi wa magari ya umeme, alikuja kumchukua mkewe, Felisia. Akamwona dirishani anacheka mpaka anajifuta machozi, na hakuna mtu anayeongea naye. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa, Shemdoe hakuwahi kumchekesha hivyo. Wivu ukampanda. Akaingia bila hodi.

"Mama Kheri, huyo anakwambia nini?"

"Nani?"

"Huyo wa sikioni!"

Mama mmoja aliyekaa jirani na Felisia akadakia, "Shemeji, unaionea wivu sahani?"

Darasa likaangua kicheko. Shemdoe akakigeukia kisemeshi. "Wewe! Nitafsirie alichokuwa anachekea."

"Felisia akiruhusu," kikajibu kwa sauti ya wazi.

"Siruhusu," Felisia akasema.

"Mimi mumeo!"

"Ndiyo. Na mimi Mfipa. Siku ilipokuja simu ya msiba wa mama, nililia kwa Kifipa. Uliniambia nini mbele ya majirani?"

Shemdoe alikumbuka. Alikuwa amemwambia aongee lugha ya watu.

"Juzi nilikisimulia chombo hiki msiba huo," Felisia akaendelea. "Kikanipa pole kwa lugha aliyonilea nayo mama. Nyumbani kwako sijawahi kuipata."

Hakuna aliyecheka tena. Shemdoe alitaka kuitoa pole hiyo palepale. Akafungua kinywa, lakini neno lenyewe hakulijua. Akainama kwenye kisemeshi, akanong'ona, "Kwa Kifipa wanasemaje—"

Felisia akanyoosha mkono, akakizima.

Darasa zima likavurugika. Watu wakaulizana kwa lugha thelathini, wengi hawakuelewana, na mwalimu akapiga meza bure. Katikati ya kelele hizo Shemdoe alisimama mbele ya mkewe, kofia mkononi.

"Mke wangu," akasema, "nifundishe wewe."

Felisia alimtazama. Shemdoe akavuta kiti, akakaa kusubiri.