Damu Mashavuni mwa Nedyalka

Nedyalka alikutwa kitini kando ya dirisha, kidevu kifuani, midomo imegeuka buluu. Sakafuni palikuwa na mto wa samawati wa kulalia. Mkononi alikuwa amefunga uzi mwekundu na mweupe, kama kila mtu wa mji wa Tryavna ifikapo Machi.

"Amezibwa pumzi," alisema daktari wa polisi.

Mshukiwa hakutafutwa mbali. Jirani alimwona Yavor, kaka wa marehemu, akitoka mbio nyumbani humo mchana. Mume, Spiridon, mpiga picha za harusi, alileta picha aliyompiga mkewe kabla hajaenda kazini kwenye ubatizo. Pichani Nedyalka ameinamisha macho, mashavu yamejaa damu ya uhai. Basi mume alimwacha hai. Mkuu wa kituo akaamuru Yavor ashtakiwe kwa mauaji kesho yake.

Inspekta Radka Zheleva aliikodolea picha ile mpaka mwili ukamsisimka. Kila alipoinua macho, alihisi yule mama naye anainua yake.

"Koplo, huu uzi mweupe wa pichani unauonaje?" alimuuliza askari aliyekuwa naye.

"Umekuwa kama siagi, afande. Na theluji ya nje kama chai ya maziwa. Labda mzee alikuwa amelewa."

"Spiridon? Aliyemfukuza msaidizi wake kwa sababu shela ya bi harusi ilitoka manjano? Hebu tazama za ubatizo."

Humo nguo zilikuwa nyeupe pe. Zheleva akaagiza mume aitwe.

"Pole na msiba, Bwana Spiridon. Nifundishe kazi yako. Kamera inajuaje nyeupe?"

"Haijui. Unaionyesha karatasi nyeupe, unaiambia: hiki ndicho cheupe. Rangi nyingine inazipanga yenyewe."

"Nikiionyesha kitu cha samawati?"

"Utakuwa umeidanganya. Itadhani mwanga una ubuluu, itauondoa. Kila kitu kitatoka na joto, manjano na wekundu."

"Hata uso uliopauka?"



Zheleva akamsogezea picha nyingine. "Uliifuta. Wataalamu wetu wameirudisha kutoka kwenye kadi ya kamera. Uliipiga kabla tu ya ile ya mkeo."

Ilikuwa samawati tupu, na pembeni mshono wa foronya.

"Unakijua kitambaa hiki?"

Spiridon akaigeuza picha kifudifudi.

"Shemeji yako alimkuta amekufa akakimbia; sasa yuko selo anamlilia dada yake, na wewe unaninyamazia! Sema!"

"Ndicho kilichokuwa mkononi mwangu," alisema Spiridon, taratibu.

"Kwa nini ulimuua?"

"Alikuwa anahamia kwa Yavor. Masanduku yalikuwa tayari. Alisema amechoka kuishi na mume anayemwona kwenye kamera tu. Nikamziba asimalize. Nilitaka anyamaze, afande, basi."

"Kisha ukampiga picha ili umtwishe Yavor mzigo."

"Hilo lilinijia baadaye. Kwanza nilitaka ile buluu imtoke usoni. Nikaupiga mto picha, kisha nikampiga na yeye. Akatokea kwenye kioo cha kamera, ana damu mashavuni, Nedyalka wangu mwenyewe. Nikaweka kamera chini, nikamwita."

 

"Ubatizoni nilichelewa," aliongeza Spiridon. "Nilikuwa nangoja aitike."